Maji ya Beseni

6 Februari

Mdogo wangu,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kwamba zamu za usiku hazijakumaliza. Mimi naendelea vizuri, ukiondoa sukari, ambayo imekuwa kama mpangaji asiyetaka kuhama.

Chumba changu kipya ni kizuri. Kiko nyuma ya duka la mabati, kwa hiyo mchana sikosi kelele, na jioni wakifunga nakosa hata hizo. Siku nilipostaafu na kuiachia nyumba ya kanisa, waumini waliniambia watakuwa wanapita kunisalimu. Nadhani wanapita kweli, ila hawaingii.

Alhamisi Kuu inakaribia. Unajua ile ibada ya kutawadha miguu niliianzisha mimi pale kwetu: waumini kumi na wawili kwenye viti mbele, na mimi mchungaji wao nimepiga magoti na beseni na taulo. Mchungaji mpya, huyu kijana, anakaa mtaa wa pili tu, lakini bado hajaniambia neno. Naomba Mungu amguse moyo aniite niifanye tena. Hakuna kilichonifundisha unyenyekevu kama lile beseni.

Nina kidonda kidogo chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia. Siwezi kuinama nikakiona sawasawa, lakini hakiumi. Usianze.

Kaka yako

19 Februari

Kaka,

Amina, asifiwe. Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unalalamika, na kwa kazi ya kunyanyua na kuosha wazee una haki yake. Sukari umeipima lini?

Umesema nisianze, nami naanza. Hicho kidonda kutouma ndiko kunakonitisha. Mguu wa mwenye kisukari hufa ganzi, mtu akadhani amepona kumbe anaoza. Hapa kwenye nyumba ya wazee nimewaona walioanza na kidonda kidogo. Nenda kliniki, na kila siku mtu akuoshe huo mguu na kuutazama. Mwombe huyo kijana. Si umesema anakaa mtaa wa pili?

Kuhusu beseni lako, nisamehe, nilicheka peke yangu jikoni. Unamkumbuka Mama Vitambaa, alivyokuwa anakuja na kucha zimepakwa rangi mpya? Watu walikuwa wanajipaka mafuta mpaka miguu inakuteleza mikononi. Mwaka uliponichagua mimi, nilisugua visigino kwa jiwe mpaka vikawaka moto. Kaka, sikumbuki hata siku moja maji ya beseni lile yakichafuka.

Na wewe, miaka yote hiyo, nani alikuosha?

Mdogo wako

8 Machi

Mdogo wangu,

Salamu katika Bwana. Natumaini mgongo umepata nafuu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikasirika zaidi.

Huyo kijana nilimbatiza mimi. Nilimfundisha namna ya kushika kikombe cha ushirika asimwage. Leo nimvulie soksi? Mchungaji huosha, haoshwi. Kliniki nitakwenda nikipata wasaa.

Nakueleza jambo lakini usipige kelele. Kidonda kimeanza kutoa harufu. Navaa soksi mbili, na kanisani nimehamia benchi la nyuma kabisa, karibu na dirisha. Jumapili iliyopita nikamsikia mama mmoja akimwambia mwenzake, "Mwone mzee wetu, ameacha kiti cha mbele akaja kukaa na sisi huku. Huo ndio unyenyekevu." Sikumsahihisha.

Baada ya ibada kijana alinifuata hadi mlangoni. Nikajua hatimaye ananiita. Akasema, "Baba, Alhamisi Kuu tunakuomba ukae kiti cha kwanza. Nataka nikutawadhe." Nikamjibu kwamba nitaliombea jambo hilo. Unajua mchungaji akisema hivyo maana yake nini.

Kwa hiyo mwaka huu sitaosha, na kuoshwa siwezi. Nikiwa nimekaa hapa kitandani naona kama nimebaki sina kazi yoyote kwa Mungu.

Kaka yako

20 Machi

Kaka yangu,

Leo sina salamu ndefu. Mzima wewe? Niambie ukweli.

Harufu maana yake mguu unakufa, na ukiendelea kujificha watakukata. Naandika hivi wazi ili usije ukasema sikukwambia.

Hapa tuna mzee aliyekuwa mkuu wa shule kubwa. Mwezi wa kwanza alikataa kuguswa. Alikuwa anajifungia bafuni, anamwaga maji sakafuni ili tusikie mchirizi, kisha anatoka mkavu kama alivyoingia. Siku aliyonikubali, nilimwosha nikimweleza habari za mvua. Alilia tangu mwanzo mpaka mwisho, kisha akaomba sabuni yenye harufu nzuri kidogo. Hakupungukiwa na kitu, kaka. Alipata usingizi.

Wazazi hawapo, shemeji yangu umemzika, tumebaki wewe na mimi. Jioni nakula nimesimama jikoni kwa sababu meza ina kiti kimoja na sipendi kukiona. Ningekuwa karibu ningekuosha mwenyewe, ungetaka usingetaka. Lakini niko huku mbali, naosha kaka za watu wengine.

Mfungulie huyo kijana mlango.

Mdogo wako

13 Aprili

Kaka,

Hujajibu, na simu yako haipatikani. Kama umekasirika, kasirika, lakini andika hata mstari mmoja.

Alhamisi Kuu nilikuwa kazini. Nilikuwa namwosha bibi mmoja miguu, machozi yakanitoka, akaniuliza kama maji yameniunguza. Nikamwambia ndiyo.

Sijui kama ninamwandikia mtu aliyepo.

Mdogo wako

22 Aprili

Mdogo wangu,

Nipo. Bwana asifiwe, na safari hii naiandika salamu hii nikiimaanisha. Nakuandikia kutoka wodini. Barua zako zote mbili kijana ameniletea leo kutoka chumbani, na ile ya mwisho imenitesa. Nisamehe.

Alhamisi Kuu sikwenda. Nilijiambia namwachia mwingine kiti, uongo mtupu. Nilikaa kitandani nikiwafikiria wanavyoimba, nikajihurumia mpaka nikachoka. Mara mlango ukagongwa. Nikasema nimelala. Sauti ya kijana ikajibu, "Nasikia, Baba, ila unaongea vizuri sana usingizini."

Nilipofungua, alikuwa na joho lake bado, taulo kiunoni, na beseni lenye maji mikononi. Alikuwa amewaosha kumi na mmoja, kiti cha kwanza kikabaki kitupu, naye akatoka kanisani na beseni lake akavuka mitaa miwili watu wakimtazama. Akapiga magoti kwenye saruji. Nikamwambia, "Wewe hutaniosha miguu kamwe." Maneno yakanitoka kinywani ndipo nikakumbuka ni ya nani, na nimeyahubiri mara ngapi nikimcheka Petro.

Kijana hakunihubiria. Alikaa hapo chini na maji yake yakipoa, na mimi nikaona haya. Nikanyoosha mguu.

Soksi ilikuwa imegandana na kidonda, ikabidi ailoweshe kwanza. Harufu ilijaa chumba kizima. Nilimwona akimeza mate, lakini uso hakuugeuza. Maji yakawa meusi, akayamwaga, akarudi na mengine. Nililia kama mkuu wako wa shule. Kisha akaita gari tukaja hapa.

Vidole viwili wamevitoa. Mguu umebaki. Daktari anasema tungechelewa wiki moja tungekuwa tunaongea habari nyingine.

Kijana huja kila asubuhi kuniosha, na mimi kazi yangu ni kusema asante. Ni nzito kuliko mahubiri yote niliyowahi kuandaa. Jana nilianza kumwelekeza namna ya kukunja taulo, kwa hiyo usidhani nimepona.

Uliniuliza nani aliniosha, ukasema maji ya beseni lile hayakuwahi kuchafuka. Mimi ndiye wa kwanza kuyachafua.

Akishaondoka, wodi inakuwa kimya na siku ni ndefu mno. Kesho akimaliza nitamwomba avute kiti akae nami kidogo. Sijawahi kumwomba mtu hivyo. Niombee nisimeze maneno.

Kaka yako