Mwakilishi Aliyesema "Hatuna Lolote"

Shangazi yangu wa gazetini, shikamoo. Mimi si mtu wa kulialia mbele ya nisiowajua, lakini hili limenikaa kooni, na nikimweleza mtu yeyote wa hapa chuoni litafika kantini kabla yangu, kwa hiyo nakuomba unisikilize mpaka mwisho halafu unipe neno.

Nasoma uzamili mwaka wa pili, na nikuambie ukweli bila kujisifu sana, nilipofika hapa sisi wa masomo ya juu hatukuwa hata tunasalimiana, kila mtu na kompyuta yake na kona yake maktabani, watu wazima wenye watoto na kazi zao, mtu anamaliza mwaka mzima hajui jina la anayekaa naye meza moja, ndipo nikaomba ufunguo wa chumba kilichojaa viti vibovu ghorofa ya tatu, nikakifagia mwenyewe, nikaleta birika, nikatangaza kwamba kila Alhamisi saa kumi jioni kuna chai, na Shangazi, walikuja, wiki ya kwanza wanne, mwisho wa muhula viti havikutosha. Uchaguzi wa mwakilishi ulipofika hawakutaka kusikia mtu mwingine, wakaniita Mheshimiwa, na jina likaganda.

Sasa mwakilishi huingia kwenye kikao cha bodi ya masomo ya juu, na mwenyekiti wa bodi ndiye profesa anayenisimamia tasnifu yangu. Pale kwenye chai tuna mwenzetu muuguzi, tunamwita Mama Mapacha, naye anasimamiwa na profesa huyohuyo, na sura zake mbili zimelala mezani kwa profesa miezi tisa hazijasomwa, na usajili wake unakwisha mwisho wa mwezi huu, ukiisha kabla hajawasilisha tasnifu anafutwa, na miaka mitatu imekwenda na maji. Alinituma nilifikishe suala hilo kikaoni. Nikaenda nimejiandaa kabisa, karatasi mkononi, mwenyekiti akafika kwenye ajenda yetu, akanitazama juu ya miwani akauliza, "Wanafunzi, mna lolote?" nikasikia mdomo wangu unasema, "Hatuna lolote, Mwenyekiti." Kikao cha pili hivyo hivyo. Na kila nikirudi kwenye chai nawaambia nimelisema, wanalifanyia kazi, wananipigia makofi, na Mama Mapacha alikuwa ameshaandika barua ya malalamiko kwa mkurugenzi wa masomo ya juu, nikamwambia aiache kwanza asije akaharibu.

Naogopa, Shangazi, maana tasnifu yangu iko mikononi mwa mtu yuleyule, ingawa mimi sina shida naye, sura zangu anazirudisha ndani ya wiki. Kikao ni Jumanne. Nimefikiria nijiuzulu tu kimyakimya, niseme masomo yamenizidi, aje mwingine mwenye moyo. Nifanyeje?

Mheshimiwa wa Ghorofa ya Tatu

Marahaba, mwanangu. Chumba chako nimekipenda kabla sijakukasirikia. Kuwakutanisha watu wazima waliochoka, wenye ndoa na wakwe na zamu za kazi, wakae wacheke pamoja, si kazi ndogo, na sifa hiyo ni yako.

Ila hebu soma barua yako mwenyewe. Sura zako zinarudi ndani ya wiki, za mwenzako miezi tisa, profesa yuleyule, meza ileile. Hukujiuliza? Sisemi mmepatana. Hana haja ya kupatana na mtu ambaye ameshanyamaza. Na hiyo habari ya woga nakukubalia nusu. Kukwama kikaoni, huo ulikuwa woga, hata mimi nimewahi kumeza maneno mbele ya bosi wangu. Lakini kwenye chai nani alikukaba? Uliwadanganya rafiki zako wakakupigia makofi, nawe ukayapokea. Kibaya kuliko vyote ni ile barua. Mama wa watu alikuwa anajipigania, wewe ukamwambia atulie. Angekuwa hana mwakilishi kabisa, leo angekuwa mbali.

Kujiuzulu sahau. Atakayekuja atakuta kumbukumbu za vikao viwili zinasema wanafunzi hawana shida, na mpaka aelewe kinachoendelea mwenzako ameshafutwa. Wakitaka kukuondoa, wakuondoe baada ya Jumanne.

Leo hii mwandikie katibu wa bodi uombe ajenda mbili, kazi zinazokaa bila kusomwa na muda wa nyongeza kwa waliocheleweshwa. Usitaje majina, taja miezi. Waulize wenzako ni wangapi yamewakuta, nina hakika Mama Mapacha hayuko peke yake. Kisha mgongee profesa mlango umwambie kwamba Jumanne utalisema, asije kulisikia mbele ya watu. Akikukunjia uso, nawe una haki ya kuomba msimamizi mwingine, na ombi hilo huandikwa ukurasa mmoja tu. Kikaoni ukiona ulimi mzito, soma karatasi. Hakuna aliyekuomba hotuba.

Lakini kabla ya yote hayo nenda kwa Mama Mapacha. Usimtumie ujumbe, nenda. Mwambie hukusema, na si mara moja, ni mara mbili. Akikuuliza kwa nini, usimwambie uliogopa tu, mwambie pia ulipenda kuitwa Mheshimiwa. Atakusema, na ana haki. Kaa umsikilize mpaka amalize, na usije ukalia wewe ili yeye ndiye akubembeleze. Akimaliza, chukua ile barua yake, ipeleke kwa mkurugenzi kwa miguu yako, isubiri igongwe muhuri wa kupokelewa, kisha umrudishie nakala mkononi, ili safari hii asilazimike kukuamini.