Fabiola Hajawahi Kubishana na Mkubwa

Nangara, Babati,
Manyara.
21 Agosti 2016

Mpendwa dada Kandida,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Sisi huku wazima, mahindi tumeshavuna, na mama Fabiola amepona ile malaria. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza kabla sijafika kwenye jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni Fabiola. Tangu amalize shahada yake ya mambo ya samaki amekuwa akijitolea ofisi ya uvuvi hapa mjini, anapima perege wanaovuliwa ziwani, huku akitafuta nafasi ya shahada ya pili. Mimi nilidhani unajaza fomu, unasubiri. Kumbe kwa shahada ya utafiti unaanza kwa kutafuta profesa atakayekubali kukusimamia, tena awe anashughulika na mambo hayo hayo unayotaka kuyachunguza. Aliwaandikia wengi. Karibu wote walikaa kimya, mmoja akajibu kwamba wanafunzi wamemtosha. Aliyemkubali kidogo ni huyu wa huko kwenu Morogoro, ambaye aliwahi kuandika makala kuhusu ziwa letu. Alikuwa na nafasi moja tu yenye ufadhili, na bila ufadhili unajua mahindi yangu hayafiki chuo kikuu.

Fabiola akatuma andiko la utafiti, vyeti, na barua mbili za watu wanaomfahamu: mhadhiri wake, na mwalimu Salvatory aliyemfundisha sekondari hapa Babati. Hiyo ya Salvatory tuliisoma wote sebuleni tukafurahi. Aliandika kwamba binti huyu ana adabu, na hajawahi kubishana na mkubwa hata siku moja.

Profesa akapiga simu. Mtandao ulikuwa unasumbua, Fabiola akaweka sauti ya juu, kwa hiyo nilisikia yote. Akamsomea sentensi hiyo ya Salvatory, kisha akamwuliza kama habishani na mtu, huo utafiti ataufanyaje. Dada, nilishangaa. Sifa tuliyomjengea tangu utotoni leo imekuwa dosari.

Fabiola akaisogeza simu karibu na mdomo. Halafu akasema, "Samahani Profesa, makala yako kuhusu ziwa letu sikubaliani nayo. Ulipima kiangazi tu. Masika maji yanaingia mpaka mashambani, na perege wanazaliana huko huko."

Yule bwana akasema amesikia, akakata. Nilijua tumekwisha. Nikamwambia Fabiola ampigie sasa hivi amwombe radhi. Akaiweka simu mezani.

"Hapana, baba."

Nilikasirika, sikufichi. Siku nzima sikuongea naye. Na alichosema ni kweli, maana hata shamba langu la kule chini hufurika kila masika, ila sikutegemea mtoto wangu amwambie profesa hivyo.

Juzi majibu yamekuja. Amekubaliwa, na ufadhili amepata. Profesa ameagiza aende na vipimo vyake vyote vya masika. Mama yake alilia, na mimi nilitoka nje kidogo.

Ndiye anayekuletea barua hii. Naomba akae kwako mpaka apate chumba chuoni. Nakujua, nyumbani kwako neno lako ndilo la mwisho, na sisi wote tumelelewa hivyo. Akikukatalia jambo, tafadhali usimnyamazishe. Msikilize mpaka amalize, halafu nipigie mimi unigombeze.

Msalimie shemeji Alois, na Vailet na wanawe. Mungu awatunze wote na alitulize hilo goti.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Paskasi