Mgongano kwenye ukurasa wangu

Shoga, pokea simu! Nimejifungia chooni kazini.

Ni binamu. Binamu yangu mwenyewe, aliyeniingiza hapa!

Ule ukurasa wa tovuti ya kliniki, nikiumaliza naajiriwa, unaukumbuka? Binamu aliniambia, "Huo ni wako, hakuna atakayeugusa." Leo naunganisha kazi yangu na ya wenzangu, kompyuta ikagoma. Ikaandika MGONGANO, ukurasa umejaa alama za mishale.

Nikajua nimeharibu. Binamu akamwambia bosi, "Si nilikwambia? Darasa la saba hawezi haya mambo."

Darasa la saba! Mbele ya ofisi nzima!

Nikasoma mstari kwa mstari. Kumbe inagoma hivyo watu wawili wakibadilisha mstari uleule: maneno yangu imeyaweka juu, ya mwenzangu chini. Mwenzangu yupi sasa? Nikafungua historia ya mabadiliko. Jina la binamu! Jana saa kumi, alipokuwa amenituma dukani.

Nikamgeuzia bosi kompyuta. Akamuuliza binamu, "Humu ulifuata nini?"

"Nilikuwa namsaidia dada yangu."

Dada yangu! Sasa ndiyo nimekuwa dada!

Bosi akasema nichague yabaki maneno ya nani. Nimefuta yake yote, hata nukta sikuacha. Ukurasa umefunguka, na kazi nimepata.

Ila si unajua naishi kwa kina binamu? Shangazi, mama yake, kanipigia sasa hivi, ana furaha hiyo! Anasema, "Mshukuru mwanangu, bila yeye usingefika hapo."

Nimemwambia nitamshukuru, tena kwa sauti tamu. Shoga, nimeitoa wapi hiyo sauti?