Karatasi ya Pinki

Jumatatu, 5 Agosti

Leo sindano imenichoma mara mbili, na si kosa la cherehani. Ni hasira.

Kitindamimba wangu amepata barua ya chuo cha ualimu. Ina muhuri, ina jina lake lote, na ina siku ya mwisho: Jumatatu ya tarehe 19 awe ameshapeleka jibu. Karukaruka, kaenda kumwonyesha bibi yake, mama yangu. Karudi macho mekundu. Bibi kasema hapana. Kasema ukoo huu ualimu ulishatukataa, asiende kututafutia aibu ya pili.

Na Mama akisema hapana, nyumba nzima ni hapana. Baba watoto mwenyewe kakohoa tu, kaenda zake.

Kisa nakijua. Nilikuwa na miaka kumi. Mama alifundisha darasa la kwanza, bila cheti, kama wengi enzi zile. Akaja mkaguzi, akakaa nyuma ya darasa asubuhi nzima, akaondoka. Wiki ya pili mwalimu mkuu akawakusanya walimu wote ofisini kwake, akawasomea ripoti kwa sauti. Mwalimu wa darasa la kwanza hafai, aondolewe. Mbele ya wenzake! Mama akaweka chaki mezani, akatoka. Tangu hapo kafua nguo za watu mpaka vidole vikapinda. Mimi nikaishia la saba.

Sasa sikia. Mchana huu redio imesema ripoti za ukaguzi wa shule zilizotimiza miaka thelathini ziko wazi kwa umma. Raia yeyote aende akasome. Nikaacha pindo la suruali ya mtu nusu. Raia yeyote — si ndiye mimi?

Nataka niyaone maneno hayo kwa macho yangu. Kama kweli ni mabaya, basi, nitanyamaza.

Jumanne, 6 Agosti

Ofisi ya nyaraka. Mlangoni pana bango kubwa: NYARAKA HIZI NI MALI YA UMMA. Nikaingia kifua mbele. Nikakuta karani kijana, shati limepigwa pasi vizuri, adabu ndiyo haikupigwa.

Kaniuliza namba ya faili. Sina. Basi siwezi kuingia chumba cha kusomea. Namba naipata wapi? Kwenye orodha. Orodha iko wapi? Kwenye chumba cha kusomea.

Nikadhani ananitania. Hanitanii!

Nikamwambia, mwanangu, hiyo ni kama kuniambia funguo ya sanduku imo sandukuni. Akasema ndiyo utaratibu, mama, njoo kesho. Kesho itakuwa na nini? Akasema kesho ni kesho.

Nimeshampa jina. Bwana Kesho.

Astaghafirullah, nimerudi njia nzima naongea peke yangu.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimejaribu mlango mwingine. Karani wa shule ile ni mteja wangu, zipu za sketi zake zote nimezitia mimi. Kanifungulia kabati la stoo. Vumbi! Panya wameshakula ripoti za miaka saba, lakini mwaka wa Mama walikuwa hawajaufikia.

Kumbe panya wa miguu miwili alishatangulia. Karatasi ya mwaka ule imekatwa kwa wembe. Kimebaki kipande chembamba cha njano kwenye uzi. Mimi nakata vitambaa miaka ishirini na tano, mkato naujua. Huo ulikatwa taratibu, na mtu asiye na haraka.

Nikakaa chini palepale. Yule dada akanishika bega. Kasema, dada yangu, usilie bado. Wakaguzi wa zamani waliandika mara moja kwa kabonipepa, karatasi tatu. Nyeupe inakwenda wizarani, njano inabaki shuleni, pinki haitoki kwenye kitabu cha mkaguzi. Na vitabu vyao vyote viko nyaraka. "Aliyekata hapa hakufika kule," kasema.

Kwa hiyo ni kwa Bwana Kesho tena. Lakini mtu hakati kwa wembe maneno yanayomfurahisha. Usingizi wangu leo sijui.

Jumamosi, 10 Agosti

Bi Mwalimu kaja, kama kila Jumamosi, na ndizi zake na gazeti lake. Mtaa mzima unamwita hivyo, amestaafu na mstaafu mwenyewe hajui. Akikuta watoto wanacheza anawapanga mstari. Ni rafiki wa Mama wa siku nyingi. Walikuwa walimu wasaidizi pamoja shule ile, yeye ni mdogo wa mke wa mwalimu mkuu. Mama alipotoka, yeye akaenda chuo Januari iliyofuata, akarudi na cheti na kulishika darasa la kwanza. Hakuwahi kumtupa Mama. Tangu macho ya Mama yaingie ukungu, anamsomea gazeti zima, mpaka matangazo ya vifo.

Nikamwambia ninachotafuta. Akakunja gazeti. Kasema, mwanangu, yaliyopita si ndwele.

Nikamjibu, ndwele ni ndwele hata ikiwa ya juzi, ndiyo maana mjukuu anazuiwa chuo leo!

Mama akaniambia nishushe sauti kwa mkubwa wangu. Nikashusha. Bi Mwalimu akaaga mapema, ukurasa wa nyuma haukusomwa.

Jumatatu, 12 Agosti

Mungu anisamehe. Leo nimepiga kelele ofisi ya serikali.

Bwana Kesho kaniona, kaanza kutabasamu. Namba ya faili, mama? Nikageuka, nikalitazama bango lao la mlangoni, nikalisoma kwa sauti kwa foleni yote, neno kwa neno, kama mwadhini. Nikamaliza, nikaanza tena. Mzee mmoja mwenye fimbo akaitikia "Naam!" kila nilipofika kwenye UMMA. Mara ya tatu foleni nzima inaitikia.

Bwana Kesho: Mama, punguza.

Mimi: Napunguza nini? Haya si yangu, mmeyaandika wenyewe!

Akatoka mkubwa wao, mama mnene mwenye miwani shingoni. Akauliza kuna nini. Nikamweleza habari ya sanduku na funguo. Akamtazama Bwana Kesho, Bwana Kesho akatazama viatu vyake. Kasema, orodha itolewe iwekwe mezani, hapa mbele, leo.

Ikatolewa. Kijitabu chenyewe hakizidi daftari hili! Kwa hiki nimesumbuka wiki nzima? Namba nimeiandika kwenye kiganja. Kitabu kitatafutwa, niende Jumatano.

Jumatano, 14 Agosti

Nimekisoma.

Naandika polepole.

Kitabu cha mkaguzi, pinki iliyofifia mpaka inafanana na kiganja changu. Nilipita kidole mstari kwa mstari. Nimenakili hivi:

"Mwalimu wa darasa la kwanza hana cheti, lakini ndiye mwalimu bora niliyemwona katika shule kumi na moja mwaka huu. Ana watoto hamsini na wawili na wote wanasoma. Nafasi moja ya chuo iliyotolewa kwa shule hii apewe yeye, Januari."

Chini jina la mkaguzi. Chini yake tena: nimesoma, nimekubali. Sahihi ya mwalimu mkuu, ina mikia kama ya mfalme.

Alisoma! Alikubali! Kisha akasimama mbele ya walimu wote na kusoma kitu ambacho hakikuandikwa! Miaka thelathini na minane Mama anainamisha kichwa kwa maneno ambayo hayapo popote duniani. Na karatasi ilikuwepo, kilomita tatu kutoka nyumbani, "mali ya umma", imefungiwa kama mwizi.

Nikalia kwenye meza yao. Bwana Kesho akaniletea maji, akanipigia fotokopi mwenyewe na muhuri akagonga. Basi na yeye ni mtoto wa mtu.

Njiani ndipo lilinipiga. Januari. Nafasi moja. Nani alikwenda chuo Januari ile?

Ijumaa, 16 Agosti

Nimesali, moyo haujatulia. Nauliza swali moja tu. Alijua? Ndizi zote hizo za kila Jumamosi — mapenzi, au fidia?

Jana nilimwambia Mama karatasi nimeipata. Nikaifungua nimsomee, akainua mkono. Kasema, usisome wewe. Ya kwanza nilisomewa na mwalimu, na hii nataka nisomewe na mwalimu. Jumamosi rafiki yangu anakuja.

Mama, nikamwambia, nisikilize kwanza. Kasema, nimengoja miaka yote hiyo, siku mbili ni nini?

Nikaukunja mdomo pamoja na karatasi. Jumatatu ndiyo mwisho wa chuo.

Jumamosi, 17 Agosti

Niko jikoni, naandika juu ya pipa la unga. Nimesingizia chai. Mlango uko wazi nusu. Mama kitini, kitindamimba wangu kwenye mkeka, Bi Mwalimu amevaa miwani, karatasi mkononi. Alipopewa alisema leo gazeti lina habari nzuri. Mama akasema gazeti lingoje.

Anasoma. Sauti yake ya darasani, kila neno limesimama wima. Tarehe. Jina la shule. "Ndiye mwalimu bora..." — Mama katoa sauti kama mtu aliyetuliwa mzigo. Rudia, kasema. Karudia. Rudia tena. Karudia, lakini sasa sauti inakwaruza.

Watoto hamsini na wawili. Wote wanasoma.

Kabla ya mstari wa Januari kasimama.

Mama: Endelea.

Bi Mwalimu: Imeishia hapo, shoga yangu.

Mama: Haijaisha. Ripoti huishia kwa jina la mkaguzi. Jina hujalisoma.

Mkeka umelia — kitindamimba wangu ameinuka, anakwenda upande wa Bi Mwalimu.

"Bibi," anasema, "nikusomee mimi?"

Mama bado hajajibu. Maji yanafurika yanamwagika motoni, na mimi sijui niingie au —