Nyumba Iliyoandikwa Jina la Noélia

Fall River, Massachusetts
21 Aprili 1998

Mpendwa Dada Deolinda,

Kabla ya neno lolote naomba baraka yako, kama nilivyokuwa nikiiomba kila asubuhi pale mlangoni kabla hujanikatia mkate. Wewe ni dada yangu na tena mama yangu wa ubatizo, na mtu anayeiruka baraka ya mama wa ubatizo paa litamwangukia. Goti lako linaendeleaje? Na Shemeji Norberto, bado anagombana na yule ng'ombe wa mabaka, au siku hizi ng'ombe ndiye mwenye nyumba?

Sisi huku miili ni mizima. Mama anapanda na kushuka ngazi kuliko mimi. Ndugu yetu Zulmira yuko palepale kiwanda cha mapazia, mgongo unamsumbua lakini ukimuuliza anakwambia ni baridi. Mimi ni yuleyule, nywele zimepungua, sifa zimezidi. Mwezi uliopita nilishuka na lori mpaka Florida kuchukua machungwa, na mama mmoja wa mgahawani akaniuliza kama niliwahi kucheza sinema. Nikamwambia niliacha, umaarufu ulikuwa unanichosha. Akaniongezea kahawa bure.

Sasa Dada, kaa chini. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu iko kwa Mama, na Mama akikaa jikoni anasikia hata unachofikiri.

Ni habari ya Noélia wetu, binti wa Zulmira. Unajua ana kichwa. Kakitoa wapi sijui, labda kwangu, maana darasa la sita nililiacha mwenyewe, halikuniacha. Mwalimu wake wa kemia alisoma katika chuo cha wanawake peke yao, huko magharibi ya jimbo, na akamtia moyo binti aombe vyuo vya namna hiyo. Akaomba vitatu. Zulmira aliogopa kumwambia Mama kwamba mtoto atalala mbali na nyumbani. Alipomwambia ni chuo cha wanawake, Mama akafanya ishara ya msalaba.

"Anaingia utawa?"

"Hapana, Bibi, ni chuo tu," Noélia akamwambia. "Nasoma, halafu natoka."

"Hakuna wanaume?"

"Hakuna."

"Basi mwache aende. Akibadili mawazo, atakuwa ameshafika."

Tulicheka mpaka supu ikapoa.

Vyuo viwili vilimpokea vikasema msaada wa ada hakuna. Cha tatu, Aldenwood, ndicho alichokipenda tangu mwanzo. Picha yake ilikuwa kitandani juu ya mto, mahali pa picha ya Mtakatifu Antonio, na Mtakatifu Antonio alihamishiwa mlangoni. Aldenwood wana sifa ya kuwalipia watoto wa maskini, na Dada, nani maskini kutuzidi? Mama yake anashona mapazia, baba yake alikwenda Kanada kununua sigara na bado yuko kwenye foleni. Nikamwambia Noélia, mwanangu, kwa umaskini sisi ni washindi wa dunia, fungasha vitu.

Wakampokea. Zulmira alioka mkate mtamu wa mayai ya Pasaka nusu mwezi kabla ya Pasaka. Halafu ikaja habari ya pili: msaada hakuna, kwa kuwa mwanafunzi ana mali.

Mali! Tukatazamana. Mali gani? Ana koti moja na baiskeli isiyo na breki.

Ilikuwa nyumba. Unakumbuka nilivyokueleza miaka ile Mama alipotishika na habari za wazee kupelekwa kwenye nyumba za kutunzia wazee na serikali kuja kuchukua nyumba zao kufidia gharama. Mtaa mzima wa watu wetu ulifanya hivyohivyo. Baada ya misa akina mama walikuwa wanaambiana: usiandike nyumba kwa watoto, watagombana, iandike kwa mjukuu, malaika hana deni. Mama akaenda kwa wakili anayesema Kireno, akaiandika kwa Noélia, mtoto hata meno ya mbele hana. Nyumba yote ya ghorofa tatu, Mama chini, Zulmira na binti katikati, mimi juu na njiwa. Tulimpongeza Mama kwa akili. Nani angejua kwamba siku moja karatasi ile ingemfanya binti aonekane tajiri kuliko mama yake na mjomba wake tukijumlishwa na njiwa?

Nikavaa suti yangu ya kijivu, ile ya harusi ya Firmino, nikaenda na Noélia mpaka ofisi ya msaada ya Aldenwood. Dada, mimi nimeongea na polisi wa majimbo arobaini, na wote tuliachana marafiki. Nikasema mama mmoja wa ofisini atanishinda wapi? Ni mama mzuri, sitamsema vibaya. Alitupa chai.

"Kwa kanuni zetu, bwana, mali iliyo kwa jina la mwanafunzi ndiyo inayotangulia kuhesabiwa."

"Mama yangu mzuri, huyu mtoto hana hata kitanda. Analala na mama yake!"

"Naelewa. Lakini hati inasema nyumba ni yake."

"Basi tutaifuta hati leo leo, saa kumi iwe tayari."

"Mkifanya hivyo sasa, itaonekana mmeificha."

"Kwa hiyo afanye nini?"

Akatazama kikombe chake. "Familia nyingine hukopa kwa dhamana ya nyumba. Au huuza."

Nikamuuliza kama ana chumba kwake cha mama yangu. Hakucheka. Ndipo nikajua tumeshindwa, maana wanawake wa ofisini huwa wananichekea. Na akina sisi atukopeshe nani, kwa mshahara wa mapazia na lori lisilo langu?

Njiani kurudi Noélia hakulia. Aliniuliza habari za barabara, mji ule unaitwaje, ule mto unaishia wapi. Nami nilijibu kama mwongoza watalii, nikatia na uongo kidogo ili safari isinyamaze.

Tulikubaliana Mama asijue. Lakini nimekwishakwambia habari ya masikio yake. Jumapili ya Pasaka, kabla hatujagusa nyama, akaweka kijiko chini.

"Nyumba iuzwe."

"Mama, kula kwanza," Zulmira akasema.

"Nimekula maisha yangu yote. Iuzwe, mtoto asome. Nyinyi mtapanga chumba mahali. Mimi narudi kisiwani kwetu, kwa Deolinda."

"Kwenu wapi, Mama? Umetoka huko miaka ishirini na tisa. Hata kanisa wamelipaka rangi nyingine."

"Nitalizoea."

Nikajaribu mzaha, nikamwambia huko hakuna televisheni ya kumwonyesha ile tamthilia yake ya Brazili. Akanitazama kama anavyotazama samaki wa juzi. Kesho yake akaanza kufungasha. Ameshatoa mashuka mazuri, na sanamu ya Bwana Kristo ameivingirisha kwa sweta langu.

Jumanne nilimpeleka Noélia kazini kwake, kwenye duka la mikate, na tukiwa tumesimama taa nyekundu akaniambia:

"Mjomba, nimeshawajibu Aldenwood."

"Umewajibu nini?"

"Kwamba siji."

"Nani alikutuma?"

"Nilijituma mwenyewe. Taa ni ya kijani."

Nilimpigia kelele, Dada. Nilimwita mjinga, nikamwita punda, mimi ninayemwita malkia. Akaniacha nimalize.

"Bibi hawezi kulala bila kusikia nyayo zako juu," akasema. "Anahesabu mpaka uvue viatu. Huko nani atamvulia viatu?"

Akashuka na kofia yake ya karatasi. Anasema atasoma jioni chuo cha hapa mjini, kidogo kidogo. Nilimwambia ni wazo zuri. Zulmira naye alisema hivyohivyo mwaka alioingia kiwandani. Niliwapigia Aldenwood, nikajifanya padri, nikajifanya wakili. Nafasi imeshakwenda kwa mwingine, wakasema, na hata ingekuwepo, msaada ni uleule.

Mama hajui. Hatuwezi kumwambia, kwa maana akijua mtoto alijinyima kwa ajili yake hatamaliza mwaka. Anafungasha akidhani chuo kinangoja nyumba iuzwe.

Basi sikiliza ombi langu. Siku ya akina mama utampigia simu kama kawaida, na atakuuliza kama kile chumba cha chini, cha upande wa bustani, kiko wazi. Nakujua, hata kabla hajamaliza utasema njoo kesho. Dada, mwambie hakipo. Mwambie umempa mtu, mwambie kinavuja, usimwambie aje mwakani. Akikosa pa kwenda, ataacha habari ya kuuza. Ukimpa hata mwanya wa sindano atapita, nyumba itauzwa, na hakuna atakayesoma kwa pesa hizo.

Ninajua ninachokuomba. Ninakuomba Mama azikwe huku akiamini kwamba mwanawe wa kwanza alimnyima kitanda. Nilitaka niubebe mimi, mimi napenda kubeba. Lakini mimi chumba sina.

Wasalimie Shemeji Norberto, Leonel na mkewe, na shangazi Filomena kama bado anatukumbuka. Zulmira anakubusu. Noélia anakusalimu, anauliza kama maua ya hortensia yameshachanua kandokando ya barabara.

Bwana Kristo wa Miujiza akutie nguvu kwenye simu hiyo, na akusamehe wewe upesi kuliko atakavyonisamehe mimi.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na nisiye na mzaha wa kufungia barua hii,

Hermínio