Uswidi, si Uswisi

Mjambere, Kisauni,
Mombasa.
12 Septemba, 1948.

Mpendwa kaka Mwarandu,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia Jumatano, tukafurahi sana kusoma kwamba shemeji Dorcas amejifungua salama. Mtoto ananyonya vizuri? Na kifua chako je, kimepoa? Sisi huku wazima. Mama anatembea tena mpaka kisimani, na anadai goti limepona kwa mafuta ya nazi, si kwa dawa ya daktari.

Umesema Selpher aache shule, aje Tanga kabla ya mwezi huu kwisha amsaidie mama yake. Kabla sijakujibu, acha nikueleze kosa nililomtendea bintiyo.

Darasa lao la nane lina mchezo wa kuiga Umoja wa Mataifa. Kila mmoja hupewa nchi, akaichunguza serikali yake na siasa yake, kisha akaisemea barazani. Selpher alikuja akaniambia, "Baba mdogo, nimepewa Uswidi." Nikamcheka. "Mwanangu, Kiswahili chako kimeingia mchanga? Sema Uswisi." Akaitika tu, "Ndiyo, baba mdogo." Katika daftari langu, Jumapili 22 Agosti, nimeandika: Nimemsahihisha Selpher jina la nchi.

Basi siku zote zile tukasoma Uswisi. Akajua kwamba haina mfalme, na kwamba inaongozwa na watu saba.

Jumamosi ya tarehe 4, mimi na mama tuliketi nyuma ya darasa. Selpher akasimama, akasema kwa sauti nzuri, "Nchi yangu haina mfalme." Kijana mmoja, Kazungu, aliyekuwa Uturuki, akaruka: "Mwenyekiti! Hawa Uswidi wamempindua mfalme wao lini?" Selpher akasema yeye ni Uswisi. "Basi toka nje, dada! Uswisi haimo hata barazani!" Darasa zima likaangua kicheko. Mama akaniuliza, tena kwa sauti, mbona wanamcheka mtoto.

Kaka, hakulia, wala hakunitaja. Alingoja kicheko kiishe, akasema, "Bwana mwenyekiti, mjumbe asiye na hakika huuliza kwao kwanza. Naomba nafasi nikaulize." Mwalimu Ngala, aliyekuwa mwenyekiti, akampa mpaka tarehe 2 Oktoba. Hata Kazungu alipiga makofi.

Njiani nikamwomba radhi. Akasema, "Si kitu, baba mdogo. Sasa nitazijua nchi mbili."

Jirani yetu Kefa, karani wa Kilindini, alitupasha kwamba meli ya Uswidi imetia nanga. Selpher akaandika maswali matano, Kefa akampelekea baharia mmoja. Majibu yalirudi Alhamisi: mfalme wanaye, lakini sheria hutungwa na baraza la watu waliochaguliwa. Swali la tano aliliandika bila kuniuliza: wasichana wa kwenu husoma mpaka wapi? Baharia alijibu kwamba dada yake ni daktari.

Najua shemeji anahitaji mtu. Dada Nyamvula amekubali kupanda gari la Tanga wiki ijayo akae naye mpaka Desemba, Selpher amalize mtihani wake. Nakusihi, kaka, ukubali.

Selpher hajui kama nakuandikia haya. Wewe baba yake umesema, basi amekwisha kufua nguo zake na kuzipanga sandukuni, bila kunung'unika. Na jana alimpa rafiki yake Jael karatasi zote za Uswidi, ili nchi isikose msemaji atakapoondoka. Nataka nimwambie akazichukue. Niletee simu ya maandishi, neno moja latosha.

Mama anakusalimu, na dada Nyamvula, na Kefa pia. Mpe shemeji pole na hongera, na umbusu mtoto kwa niaba yetu. Mungu aitunze nyumba yako, awape usingizi nyote watatu.

Ndimi mdogo wako nikupendaye,
Nzai