Kanisa Lisilo na Njia ya Katikati

Kaka yangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi ulichomwandikia Mama kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Mama anadai magoti yanamuuma, lakini jana nilimkuta amepanda juu ya kiti anafuta madirisha, kwa hiyo usimwonee huruma sana. Cherehani yangu inakwenda vizuri na wateja wapo. Najua unasema nimeanza maneno yangu mengi. Vumilia, leo nina habari.

Siku ile Baba alipokwambia kwamba mtu wa chama chenu hatakula mezani kwake, ukaondoka, nilidhani ugomvi ni wa nyumbani kwetu tu. Wapi! Matokeo ya uchaguzi yalipotoka, kanisani walioshinda wakajikuta wanakaa mabenchi ya kulia, walioshindwa ya kushoto, na katikati ile njia wanayopita maharusi. Hakuna aliyetangaza. Mchungaji alihubiri upendo mpaka sauti ikamkauka. Watu wakaitikia amina, wakatoka bila kusalimiana. Na Baba, mzee wa kanisa mzima, alikaa benchi la mbele kulia, amekaza shingo.

Kilichonikera zaidi ni meza ya Bwana. Unajua desturi yetu: sinia la mkate hupita benchi kwa benchi, na kila anayempa mwenzake sharti amwambie kwanza, "Amani ya Kristo." Sasa yakawa yanapita masinia mawili, moja huku, moja kule. Tulikuwa tunapeana amani na watu ambao hatujagombana nao. Nami nilikuwemo, usidhani najitoa.

Basi Jumapili ya kwanza ya mwezi huu tumefika, njia ya katikati haipo! Mabenchi yamesukumwa yakaungana, pa kupita pamebaki ukutani tu. Watu walijazana mlangoni kama waliokosea nyumba. Yule mama mwenye duka la nafaka, mpiga kelele mkuu wa upande wa kushoto, aliuliza sasa mtu akae wapi. Mchungaji, naye ametoa macho, akamjibu akae popote. Tukaketi tumenuna. Mwalimu wa kwaya alibaki amesimama akitafuta kulia kunaishia wapi, mpaka mkewe akamvuta koti.

Baba akaangukia katikati ya benchi la mbele, na pembeni yake akaja Msumari. Ndiyo, seremala huyo huyo mliyezunguka naye mkibandika mabango. Hawakuwa wamesemezana tangu uchaguzi. Sinia likatoka moja tu, likapita mkono kwa mkono mpaka kwa Baba, likakwama. Baba alilishikilia magotini, anautazama mkate. Kaka, nilijua likishindikana pale, watu watarudi kwenye pande zao na hakuna mahubiri yatakayowatoa tena. Ndipo akamgeukia Msumari, akamwambia amani ya Kristo, akaongeza kwa sauti ya kusikika kwamba chama lakini hahami, asije mtu akajidanganya. Msumari akajibu kwamba hata yeye hahami, akapokea. Watu walicheka huku wengine wanafuta machozi.

Kesho yake walikuwa wanabishana tena karakanani kwa Msumari, habari za barabara na kodi, Baba anapiga meza. Lakini alikuwa amekalia kiti alichopewa na Msumari. Kwangu mimi hiyo inatosha. Sijaona nchi ambayo watu wote wana wazo moja. Mchungaji anasifiwa kila kona kwa akili ile ya mabenchi. Anakana, nao wanasema ni unyenyekevu.

Sasa nikupe la moyoni. Si mchungaji. Ni Baba, na mimi ndiye niliyeshika ncha ya pili ya kila benchi. Funguo za kanisa anakaa nazo yeye. Jumamosi mchana alinikuta nashona, akaniambia niache, nimfuate. Tulisukuma kimyakimya mpaka nikachoka, nikamuuliza tunafanya nini. Akaketi sakafuni, pale pale njiani, akasema, "Kaka yako akirudi atakaa kule, mimi nitakaa huku. Nitampaje amani?" Akalia, Kaka. Sijawahi kumwona Baba akilia, hata alipomzika Bibi. Akasema Yesu alimketisha Mathayo aliyewatozea Warumi kodi pamoja na Simoni Zelote aliyetaka Warumi wafukuzwe, wakala meza moja, na yeye amemfukuza mwanawe mezani kwa ajili ya bendera.

Aliniapisha nisikwambie, eti atakwambia mwenyewe. Ile shingo unaijua. Tukimsubiri tutazeeka, kwa hiyo nakwambia mimi, na Mungu atanisamehe kiapo.

Mama anakusalimu sana, Msumari pia. Baba hajui kwamba naandika, kwa hiyo sina salamu zake. Ila Jumapili hii shemasi aliona nafasi karibu naye, akataka kukaa. Baba akaweka Biblia yake pale, akamwambia pana mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Kidomodomo